Samadi Isiyokuletea Notisi: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Mombasa

Ukizipitia sheria zote za Kenya zinazogusa samadi, utakuta zinauliza hasa mambo mawili: maji ya banda lako yanaishia wapi, na jirani anapata adha gani. Idadi ya ng'ombe huja baadaye. Kuna wenye ng'ombe wawili wanaosumbuliwa na bwana afya kila mwezi, na kuna wenye kumi na wawili ambao mtaa haujui kama wapo. Kinachowatofautisha ni sakafu, paa na tangi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maji.

Mombasa ina ugumu wake. Kisiwa na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Likoni, imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Matumbawe yamejaa nyufa na vitundu. Mkojo ukimwagwa juu yake hauchujwi kama unavyochujwa na udongo wa mfinyanzi. Unateremka moja kwa moja hadi kwenye maji ya visima, na visima vyetu ni vya kina kifupi. Maji ya bomba kutoka Mzima na Baricho hayatoshi mji, kwa hiyo visima hivyo ndivyo watu wanavyotumia kuoga, kufua, na wengine kunywa. Shimo la samadi lisilosakafiwa huku ni mfereji wa kupeleka kinyesi kwenye ndoo ya jirani.

Sheria zinazokugusa

Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Hii ndiyo utakayokutana nayo mapema kuliko zote, kwa sababu ndiyo anayoitumia bwana afya wa kaunti-ndogo. Kifungu cha 118 kinataja kwa jina shimo la samadi, rundo la mbolea na banda la mifugo lililojengwa au kutunzwa vibaya kiasi cha kuchukiza au kuhatarisha afya. Vyote hivyo ni kero kisheria. Utaratibu wake ni notisi kwanza, yenye muda wa kurekebisha, kisha mahakama ukikaidi.

Ya pili ni Sheria ya Mazingira ya 1999, EMCA, inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA. Chini yake kulitoka kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizoweka kikomo cha maji machafu yanayoachiliwa kwenye mazingira: BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hunyonya vikiozesha uchafu ndani ya maji. Uji wa kinyesi cha ng'ombe, yaani kinyesi kilichochanganyika na mkojo na maji, una BOD inayopita 10,000. Piga hesabu: lita moja ya uji huo ingehitaji zaidi ya lita 300 za maji safi ili ifike 30. Hakuna mfugaji mwenye maji hayo, kwa hiyo wazo la kuchanganya na maji mengi kisha kuachilia mtaroni life hapa hapa. Kwa mfugaji mdogo njia iliyo salama ni moja: usiachilie hata tone.

Ya tatu ni Sheria ya Maji ya 2016. Kifungu cha 36 kinataka kibali kwa yeyote anayeingiza uchafu kwenye chanzo chochote cha maji, na mamlaka yenyewe ni ile ya rasilimali za maji, WRA. Mto, hori la Tudor, hori la Mtwapa na maji ya chini ya ardhi vyote vimo. Ya nne ni Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kwako wewe maana yake ni kwamba mifuko ya plastiki, kamba za nailoni, sindano na chupa za dawa hazikai kwenye rundo la samadi.

Juu ya hizo kuna kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti ufugaji, taka, na udhibiti wa kero za umma, kwa hiyo ruhusa ya kufuga ndani ya mtaa wa makazi inatoka huko. Kabla ya kununua hata ndama, nenda ofisi ya kaunti-ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, uonane na afisa mifugo na bwana afya. Uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua. Ruhusa ya mdomo hufa siku afisa anapohamishwa. Kama unapanga banda kubwa la biashara, pitia pia ofisi ya NEMA uulize kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Tathmini hufanywa kabla ya ujenzi, na kuifanya baada ya ukuta kusimama ni ghali na ni kujishtaki mwenyewe.

Hesabu kabla ya simiti

Ng'ombe wa maziwa wa kilo 350 hadi 400 anayelishwa bandani hutoa takriban kilo 25 za kinyesi na lita 10 za mkojo kwa siku. Mbuzi mkubwa hutoa kilo 1 hadi 1.5. Kuku 100 wa mayai hutoa kilo 10 hadi 12. Ongeza maji ya kuosha: mtu anayekwangua kwa koleo kwanza ndipo aoshe hutumia kama lita 30 kwa ng'ombe mmoja, na anayeanza na mpira wa maji hutumia hata mara tatu yake.

Tuchukue ng'ombe watatu. Kinyesi ni kilo 75 kwa siku. Mkojo lita 30 na maji ya kuosha lita 90, jumla lita 120. Ukitaka tangi la siku 30, unahitaji lita 3,600. Kwa samadi ngumu, siku 60 ni tani 4.5. Samadi mbichi ina uzito wa karibu tani moja kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo pamoja na mabaki ya majani panga mita za ujazo 6.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kilo 75 kwa siku ni zaidi ya tani 27 kwa mwaka. Ikioza vizuri hubaki kama nusu, tuseme tani 13 na ushei. Shamba la mboga au mahindi hupewa tani 4 kwa ekari, kwa hiyo samadi ya ng'ombe watatu inatosha ekari tatu na zaidi. Ploti yako ya futi hamsini kwa mia haifiki hata robo ekari. Kama hujui tani zilizobaki zitaenda wapi, bado hujawa tayari kufuga ng'ombe watatu.

Mahali pa kuliweka rundo

Kipimo kizuri ni mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Penye matumbawe tupu fanya 50 ukiweza, na usiweke samadi upande wa juu wa kisima. Kando ya mto au kijito, kanuni za 2006 ziliweka ukanda wa ulinzi wa mita 6 hadi 30 kila upande, ukipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Kwa walio karibu na hori, mikoko isikudanganye kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe. Maji kupwa na kujaa yatachukua kila kitu na kukianika mbele ya macho ya wote.

Kisha upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi hushika kuanzia Novemba hadi Machi, naye hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake, kwa hiyo upande wa magharibi wa ploti ndio unaopokea harufu karibu mwaka mzima. Nyumba yako ikae mashariki, rundo magharibi, na magharibi hiyo hakikisha si dirisha la mtu. Usiku mambo hubadilika: upepo wa bara huvuma polepole kuelekea baharini na harufu huganda chini. Malalamiko mengi ni ya usiku, na dawa yake ni kulifunika rundo kabla jua halijatua.

Sakafu, mtaro na tangi

Hapa ndipo pesa inapokwenda, na hapa ndipo fundi anapokula kona.

Chimba, toa mchanga laini, panga mawe sentimita 15 na uyashindilie. Juu mwaga zege ya 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) unene wa sentimita 10. Mchanga usiwe wa ufuoni, maana chumvi yake hula nondo na wavu wa chuma kutoka ndani, na baada ya miaka michache sakafu hupasuka bila sababu inayoonekana. Mteremko uwe sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Ukipungua hapo mkojo hutuama, ukizidi ng'ombe huteleza na wenye mimba huumia. Kabla zege haijakauka piga mistari kwa ufagio mgumu. Imwagilie maji siku 7, ukiifunika kwa magunia mabichi. Jua la Mombasa likikausha zege siku mbili, hiyo sakafu itanyonya mkojo maisha yake yote.

Mwisho wa mteremko weka mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 10 hadi 15, nao uteremke kuelekea tangini. Kabla ya tangi jenga kijishimo cha kunasia tope, sentimita 50 kwa 50 kwa 50, chenye wavu. Majani na nyasi zikiingia tangini huelea, hukauka, na kuwa tabaka gumu ambalo utalichota kwa mikono ukilia.

Tangi la ng'ombe watatu: urefu mita 2, upana 1.5, kina 1.5. Jaza hadi mita 1.2 tu, ambayo ndiyo lita 3,600. Zile sentimita 30 za juu ni za dharura ya mvua. Mabloki yajengwe kwa zege iliyojaa, yapigwe lipu mara mbili ikiwa na dawa ya kuzuia maji, na pembe zote ziviringishwe kwa simiti maana pembe ndizo zinazovuja kwanza. Ukitaka kuokoa gharama, shimo lililosawazishwa na kutandikwa karatasi nzito ya bwawa pia linafaa, mradi utangulize mchanga laini. Jiwe la matumbawe lina meno, na litatoboa karatasi siku ya kwanza.

Usikubali kulipa kabla ya jaribio hili. Jaza tangi maji safi, liache saa 24 linyonye linachonyonya. Chora alama kwa msumari penye usawa wa maji, lifunike, subiri saa 24 nyingine. Kwa tangi la vipimo hivi, sentimita moja ikishuka ni lita 30 zimekwenda. Limefunikwa, kwa hiyo jua halikuyanywa: yameingia chini. Fundi arudie lipu. Piga picha ya alama ikiwa na tarehe, utaihitaji.

Kifuniko kiwe kizito na kiwe na tundu la kupumulia. Na sikiliza hili kwa makini: usiingie ndani ya tangi la mkojo au uji wa samadi, hata likiwa karibu tupu, hata kuokoa kiatu. Ukikoroga, hutoka gesi ya hidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Ikizidi huua pua kwanza, huisikii tena, kisha humwangusha mtu kwa pumzi chache. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Koroga ukiwa nje, kifuniko wazi, upepo nyuma yako, na mtu wa pili pembeni.

Paa

Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na Mei pekee hubeba sehemu kubwa. Banda la mita 40 za mraba lisilo na paa likipigwa na mvua ya milimita 50 usiku mmoja hukusanya lita 2,000. Tangi lako la siku 30 limejaa zaidi ya nusu kabla ya adhana ya alfajiri. Paa lenye gata huyageuza maji yale yale kuwa maji safi ya kuoshea banda. Kwa hiyo mabati na gata vinatangulia, tangi linafuata. Anayechimba tangi kwanza akasema paa litakuja mwakani atakuwa amechimba bwawa la kinyesi. Zungushia banda tuta la sentimita 15 pia, maji ya barabarani yasiingie. Makuti nayo yanafaa kwa kivuli, lakini yavuja na hayachukui gata, hivyo yabaki upande wa malisho.

Rundo lenyewe

Jenga vyumba viwili vyenye sakafu ya zege inayoteremka kuelekea mtaro uleule, kila kimoja mita 2.5 kwa 2 na kuta za mita 1.2. Hizo ni mita za ujazo 6. Kimoja kinajazwa huku kingine kikiiva. Juu paa au turubai.

Kinyesi peke yake kina maji mengi na nitrojeni nyingi, kikirundikwa hivyo hunuka. Changanya sehemu 2 za kinyesi na sehemu 1 ya kitu kikavu: makuti yaliyokatwakatwa, majani makavu, maranda. Kinyesi cha kuku ni kikali zaidi, kipe sehemu 2 hadi 3 za kikavu kwa sehemu moja. Rundo lisipungue mita moja kila upande, la sivyo halishiki joto, na lisipite mita 1.5 kwenda juu, la sivyo chini hukosa hewa. Kamua konzi moja: yakitoka matone machache, unyevu ni sawa. Yakitiririka, ongeza maranda. Ikimeng'enyeka kama vumbi, nyunyiza maji kutoka tangi la mkojo.

Ndani ya siku chache liwe nyuzi 55 hadi 65. Kipimajoto kirefu ni bora, lakini nondo iliyochomekwa dakika kumi ikitoka huwezi kuishika, umefika. Lishikilie joto hilo siku 15 na uligeuze mara tano ndani ya muda huo, ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Hapo mayai ya minyoo, vijidudu vya kuhara na mbegu za magugu vingi hufa. Kisha liache litulie miezi miwili.

Kugeuza kuna sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni nzi. Kwa joto letu nzi hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Ukigeuza kila siku 3, funza wanatupwa katikati penye moto kabla hawajapata mbawa. Ukigeuza kila wiki mbili unafuga nzi, na nzi hutembea hadi bakuli la jirani. Ya pili ni minazi. Yule dundu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi hutaga kwenye samadi iliyokaa na magogo yaliyooza. Ukiona funza weupe wanene waliojikunja, wa ukubwa wa kidole, wachague wote na uwape kuku. Rundo lililosahauliwa mwaka mzima linaweza kuua minazi ya mtaa, na hapo mgogoro wako si wa harufu tena.

Mzoga usiingie kwenye rundo. Mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu puani au kwenye njia ya haja, usimpasue, mwite daktari wa mifugo kwanza, maana kimeta hufanana hivyo. Na maji ya dawa ya kupe yasielekezwe tangini: nyunyizia mifugo mahali pakavu pa mbali na mtaro.

Kuku na mbuzi

Hawa ni rahisi kwa sababu samadi yao ni kavu, mradi ibaki kavu. Kuku watandikiwe maranda sentimita 5 hadi 10. Harufu kali inayochoma macho karibu kila mara huanzia chini ya vinywea maji, kwa hiyo inua vinywea hadi usawa wa mgongo wa kuku na utoe maranda yaliyolowa siku hiyohiyo. Mbuzi wajengewe banda la mbao lililoinuka, mapengo ya sentimita 1.5 hadi 2, na chini yake simiti ya kufagilia.

Biogesi haikutoi jukumu

Mtambo wa biogesi ni kitu kizuri. Kilo 50 za kinyesi zikichanganywa na maji kiasi hichohicho hutoa kama mita 2 za ujazo za gesi kwa siku, jiko la kawaida likawaka saa nne hadi tano. Joto la pwani linasaidia. Lakini kinachotoka upande wa pili ni takriban lita 100 za uji kila siku, wenye nitrojeni karibu yote iliyoingia. Harufu imepungua, uchafuzi wa kisima haujapungua. Wengi hujenga mtambo kisha uji ukaelekezwa kwenye mtaro wa mvua, wakidhani umeshasafishwa. Jenga tangi la uji au uuchanganye na maranda kwenye rundo. Na sabuni, dawa ya kuua viini na kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibaiotiki visiingie mtamboni, bakteria hufa na gesi hukata kwa wiki kadhaa.

Kuitumia shambani

Samadi iliyoiva: tani 4 kwa ekari, yaani kama wilbaro 80 za kilo 50. Mnazi mkubwa upewe kilo 20 hadi 30 kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua, kwenye duara la mita 1.5 hadi 2 kutoka shina, kisha ufukiwe kwa udongo. Mchanga wetu haushiki chakula, hivyo gawa mara mbili, nusu masika na nusu vuli. Ukiiweka yote mara moja mvua huisukuma hadi kisimani ikiwa nitreti, yaani nitrojeni iliyogeuka chumvi inayoyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitreti kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji ya kisima.

Mkojo uchanganywe na maji mara tatu hadi tano na umwagwe katikati ya mistari ya mabingobingo. Juu ya majani huunguza. Usimwage wala kutawanya kitu mvua kubwa ikitarajiwa ndani ya siku mbili, wala ndani ya mita 10 kutoka mtaro. Kwa mboga zinazogusa udongo na kuliwa mbichi, kama dania na figiri, samadi mbichi iingie shambani miezi minne kabla ya kuvuna. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo mchicha na samadi mbichi havikai pamoja.

Kuitoa nje ya ploti

Wateja wapo: vitalu vya miche na maua kando ya barabara, wakulima wa Mwakirunge, na mashamba ya Kilifi na Kwale. Uza iliyoiva na kukauka. Gari lifunikwe turubai, na usipakie samadi inayodondosha maji barabarani. Ukimlipa mtu azoe kama taka, lazima awe na leseni ya NEMA ya kusafirisha taka. Chukua nakala. Akienda kumwaga kwenye mikoko, jina litakaloulizwa ni lako pia. Ukitaka kuiuza kwenye mifuko yenye chapa, hapo umeingia kwenye biashara ya mbolea na viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nenda huko kabla hujachapisha lebo.

Majirani

Geuza rundo asubuhi saa tatu hadi saa tano, upepo wa bahari ukishaamka. Ijumaa adhuhuri acha kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, kinyesi na mkojo wa mnyama ni najisi. Tone moja likimrukia mtu njiani kwenda msikitini, au likifika kwenye nguo zilizoanikwa, umemharibia ibada, na hilo halipimwi kwa miligramu. Magari na mikokoteni ya samadi ipite njia nyingine.

Kabla ya mvua

Mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, na tena Septemba, fanya haya kwa mpangilio: mwaga tangi lote shambani ardhi ikiwa kavu, toa chumba cha samadi iliyoiva, safisha gata na kijishimo cha tope, ziba nyufa za sakafu, kagua tuta. Anayefika Mei na tangi lililojaa ana njia moja tu iliyobaki, nayo ni kosa la jinai.

Daftari, ukaguzi na notisi

Nunua daftari moja la mistari. Kila siku andika kina cha tangi kwa fimbo yenye alama, na wilbaro ngapi zimetoka. Kila mauzo: tarehe, kiasi, zimeenda wapi, namba ya gari. Kila geuzo la rundo: tarehe na joto. Ndani ya jalada weka barua ya kaunti, picha za jaribio la tangi, risiti, na matokeo ya maji ya kisima yaliyopimwa maabara mara moja kwa mwaka, vijidudu na nitreti. Matokeo ya kabla ya kuanza kufuga yana thamani kuliko yote, kwa sababu vyoo vya shimo vimejaa kila mahali, na bila kipimo cha mwanzo utabebeshwa uchafu wa mtaa mzima.

Notisi ikifika, isome mambo matatu: kifungu kilichotajwa, kosa lenyewe na siku ulizopewa. Mpokee bwana afya kwa heshima, mwonyeshe daftari, usibishane mlangoni. Siku hiyohiyo zuia kinachotoka: ziba mtaro kwa magunia ya mchanga, funika rundo, punguza maji ya kuosha. Kesho yake andika barua fupi inayosema umefanya nini, umebakisha nini na utamaliza lini. Kama kazi ya simiti inahitaji siku 21 na umepewa 7, omba nyongeza kabla ya siku ya saba kupita, ukiambatisha makadirio ya fundi. Ukimaliza, omba kwa maandishi ukaguzi wa pili, na usitulie mpaka upate karatasi yenye muhuri inayosema kero imeondolewa.